Bure si Huru: Kisima cha Wakfu katika Zama za Kompyuta

Wazee wetu wa pwani, mtu alipojaaliwa na akataka kuweka akiba ya akhera, aghalabu alichimba kisima kando ya msikiti, au alitenga shamba la minazi, akalitia wakfu. Tangu siku hiyo kile kisima hakikuwa chake tena, wala hakikuwa cha wanawe. Hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Mpita njia hunywa, jirani huchota, msafiri hutawadha, na hakuna wa kumuuliza ametoka wapi. Sharti lilikuwa moja kubwa: asitokee mtu kesho akakizungushia ua na kusema kuwa ni mali yake.

Yafaa tulikumbuke jambo hili leo, kwa kuwa katika ulimwengu wa kompyuta na simu navyo vimo visima vya wakfu. Vimekwisha kuchimbwa, na maji yake ni matamu. Walakini wengi wetu twavipita na kwenda kuchota kwa matajiri wachache walioko Marekani, ambao hutupa maji bila ya kutoza senti, na huku wakiandika daftarini jina la kila mchotaji, saa aliyofika, na njia aliyoipita.

Visima ninavyovikusudia ni zile programu ziitwazo programu huru. Na suali tunalolitia mezani leo ni hili: mtu wa kawaida, awe mama wa nyumbani, mwalimu wa chuo, au mwenye duka, yampasa ajisumbue kuhama? Na kama yampasa, avutwe vipi bila ya kutishwa wala kuchokeshwa?

Maneno mawili

Kwanza tushukuru kwamba lugha yetu imetuondolea mzozo ambao Waingereza umewasumbua miaka mingi. Wao wana neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyetawaliwa. Sisi tunayo mawili: bure na huru. Kitu kinaweza kuwa bure na kisiwe huru hata kidogo. Na kila mtoto wa Kiswahili anajua kuwa neno bure lina maana nyingine tena, ya kitu kisicho na faida: kazi bure, maneno ya bure.

Programu nyingi tunazozitumia kila siku ni za bure. Hatulipi chochote kutafuta habari kwa Google wala kuzungumza na jamaa kwa WhatsApp. Lakini kampuni ya Meta, iliyoinunua WhatsApp mwaka 2014 na ambayo pia ndiyo yenye Facebook, hupata zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mapato yake kutokana na matangazo ya biashara. Mwenye kutangaza hulipa ili amfikie mtu fulani, mwenye umri fulani, mji fulani na mapendeleo fulani. Basi bidhaa inayouzwa hapo ni nini, kama si habari zetu sisi?

Programu huru ni ile inayompa mtumiaji haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote aitakayo; kuyasoma maandishi yake asilia ajue inavyofanya kazi na kuibadili; kumpa mwenziwe nakala; na kuieneza ile aliyoibadili yeye ili na wengine wafaidike. Maandishi asilia ya programu ni kama maelezo ya pishi. Ukiletewa sahani ya biriani iliyokwisha kupikwa utaila na kuisifu, lakini hutajua ni mafuta gani yaliyotiwa. Mwenye maelezo ya pishi ajua kilichomo, na akitaka hupunguza pilipili.

Mashine ya kuchapisha

Fikra hii haikuanza kwa hotuba kubwa, ilianza kwa karatasi iliyokwama. Panapo mwaka 1980, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, maabara moja ililetewa mashine mpya ya kuchapisha kutoka kampuni ya Xerox. Mashine ile ya zamani ilipokuwa ikikwama, mtaalamu mmoja kijana, Richard Stallman, alikuwa ameirekebisha programu yake ili iwapashe habari wote waliokuwa wakingoja. Alipotaka kuifanyia hisani ile ile mashine mpya, alikuta maandishi asilia hayakuletwa. Akamwendea mtu katika chuo kingine aliyekuwa nayo, naye akamnyima, kwa sababu alikuwa ameahidi kuyaweka siri.

Stallman aliliona jambo lile kuwa ni jirani kumnyima jirani. Septemba 1983 akatangaza kuwa ataandika mfumo mzima wa kompyuta ulio huru, akauita GNU. Mwaka 1985 akaunda shirika la kuusimamia. Na mwaka 1989 akatoa hati ya masharti ambayo, mtu wa pwani akiisoma, hataacha kuona sura ya wakfu ndani yake: chukua, tumia, badili, gawa, lakini ukiigawa, uwape wengine haki zile zile ulizopewa wewe. Huruhusiwi kukizungushia kisima ua.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaandika kiini cha mfumo alichokiita Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya hati hiyo hiyo. Leo kiini hicho ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android tunayoishika, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kupita zote duniani zaendeshwa nacho. Kwa hivyo anayesema kuwa programu huru ni vitu vya kuchezea vya wanafunzi ana kisima hicho mfukoni mwake na hana habari.

Nyakati za sala

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa moja kwa moja. Novemba 2020, jarida la Motherboard la Marekani lilichapisha uchunguzi ambao uliwashtua Waislamu wengi duniani. Lilieleza kuwa programu ya simu ya Muslim Pro, yenye kuonyesha nyakati za sala na upande wa kibla, na ambayo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka habari za mahali alipo mtumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode. X-Mode nayo ilikuwa ikiziuza habari kama hizo kwa wenye mikataba na serikali ya Marekani, na kupitia kwao zikafika jeshini.

Wenye Muslim Pro walikanusha kuwa wao waliliuzia jeshi habari za watu, na wakatangaza kuvunja uhusiano wao na X-Mode. Januari 2024, Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliipiga marufuku X-Mode, ambayo wakati huo ilikuwa imejiita Outlogic, kuuza habari zinazoonyesha watu wanaokwenda katika mahali nyeti, nyumba za ibada zikiwa miongoni mwao.

Tulitafakari hili kwa utulivu, bila ya ghadhabu. Mtu amesimama sebuleni kwake, anataka kujua kama Laasiri imeingia. Hakuna haja yoyote ya habari hiyo kutoka nje ya simu yake. Nyakati za sala ni hesabu ya jua: tarehe, mahali ulipo, na pembe ya jua chini ya upeo. Simu yenyewe yaweza kuifanya hesabu hiyo bila ya intaneti, kama masheikh wetu walivyokuwa wakiifanya kwa kalamu na karatasi na kuibandika ukutani mwa msikiti. Habari za mahali zilitoka nje kwa sababu ndani ya programu palitiwa kipande kisichohusiana na sala, na kwa kuwa maandishi yake asilia yalikuwa yamefungwa, mtumiaji hakuwa na njia ya kukiona.

Na hata hesabu yenyewe yataka kuonekana. Alfajiri, mathalani, hukadiriwa kwa pembe ya jua kabla halijachomoza. Rabita ya Makka hutumia nyuzi 18, Misri hutumia 19 na nusu, na njia iliyozoeleka Amerika ya Kaskazini ni 15. Kwetu Mombasa na Lamu, tulio karibu na ikweta, kila uzi mmoja ni kama dakika nne. Tofauti ya nyuzi nne na nusu, basi, ni kama dakika 18 au zaidi kidogo. Katika mwezi wa Ramadhani hizo si dakika za kupuuzwa: ndizo zinazotenga tonge la daku na tonge la mchana. Programu nyingi humwachia mtu achague njia, ni kweli. Lakini programu huru humruhusu sheikh na kijana wake aliyesomea kompyuta kuketi pamoja, kuifungua hesabu, na kuhakikisha kuwa kilichoandikwa nje ndicho kinachofanywa ndani.

Zipo programu za namna hiyo. Katika duka la programu huru liitwalo F-Droid, lililoanzishwa mwaka 2010, zinapatikana za nyakati za sala zisizodai akaunti wala kuonyesha matangazo. Ile programu ya kusomea Qur'ani kwenye Android iliyotolewa na watu wa Quran.com nayo maandishi yake asilia yako wazi. Na mwalimu wa chuo anayetaka kuchapisha karatasi za wanafunzi kwa hati nzuri ya Kiarabu anaweza kutumia herufi za Amiri, zilizotengenezwa na Mmisri Khaled Hosny kwa kufuata hati ya ile matbaa mashuhuri ya Bulaq, Kairo. Hazilipiwi, na hazina dhamana ya kumrudia mtu.

Nakala za wizi

Pana jambo jingine ambalo hatupendi kulitaja. Katika miji yetu, mtu akinunua kompyuta kuukuu humpelekea fundi amtilie Windows na programu za ofisi. Fundi hutia, hulipwa chake, na mara nyingi nakala aliyoitia haikununuliwa popote. Kompyuta hiyo yaweza kuwa ndiyo inayotumiwa kuandika barua za msikiti na mitihani ya chuo.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa tano uliofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utungaji na uvumbuzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivunja. Huenda mtu akatoa udhuru kuwa ni maskini na kampuni ni tajiri. Udhuru huo wa nini, ikiwa ipo programu ambayo mwenyewe aliyeiandika amekuruhusu uinakili, umpe jirani, uitie kwenye kompyuta kumi za chuo, na hata fundi atoze ujira wa kazi yake kwa halali? LibreOffice huandika barua, hupanga hesabu, na hufungua mafaili mengi ya Microsoft. VLC, iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa, hucheza karibu kila kanda ya sauti na picha utakayoipa.

Tena kuna gharama iliyokuja hivi karibuni. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa haziwezi kupokea toleo linalofuata. Kwa tajiri ni shauri la kununua nyingine. Kwa chuo kilichochangiwa kompyuta tano na wahisani, ni shauri la kuzitupa au la kutia ndani yake mfumo wa Linux, ambao huzihuisha mashine kongwe kwa miaka kadhaa zaidi. Mmoja katika mifumo hiyo ni Ubuntu, uliotolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la Kinguni, ndugu wa damu wa neno letu utu.

Askari na madiwani

Tatizo ni kwamba hoja nzuri hazihamishi watu. Mtu amezoea kitufe chake mahali pake. Jamaa zake wote wako upande ule. Fundi wake hajui upande huu. Hapa tuna mafunzo mawili kutoka Ulaya.

Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia mwaka 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta zipatazo 15,000. Mwaka 2017 madiwani wake wakapiga kura kurudi kwenye Windows. Wafanyakazi walikuwa na malalamiko, mafaili yaliyotoka kwa wengine yalikuwa yakisumbua, na uongozi wa jiji ulikuwa umebadilika.

Gendarmerie, askari wa Ufaransa wanaolinda mashamba na miji midogo, walishika njia nyingine. Mwaka 2005 hawakuugusa mfumo wa kompyuta. Walibadili programu za ofisi peke yake. Mwaka uliofuata wakabadili ya kufungulia intaneti, wakatia Firefox, na ya barua, wakatia Thunderbird. Askari akazoea. Kuanzia 2008 ndipo wakaanza kuubadili mfumo wenyewe kuwa Ubuntu, na kwa askari aliyekwisha kuvizoea vyombo vyote, lililobaki lilikuwa dogo. Kufikia mwaka 2024 kompyuta zao zaidi ya laki moja zilikuwa katika mfumo huo.

Funzo ni wazi. Anayetaka kumvuta mamake au jirani yake asianze kwa kumng'olea alichonacho. Aanze kwa chombo kimoja ambacho ni bora kwa dhahiri. Kanda ya harusi imekataa kufunguka? Mtie VLC, aione inafunguka. Matangazo ya aibu yanamtokea mtoto anaposoma? Mtie Firefox yenye kizuizi cha matangazo. Mwache miezi. Kisha LibreOffice. Mfumo wenyewe uwe wa mwisho, na kama haukufika, si hoja.

Na WhatsApp? Tuseme kweli: huwezi kumwambia bibi aihame ilhali humo ndimo zinamopita habari za arusi, hitima na mgonjwa aliyelazwa. Signal ipo, ni huru, inasimamiwa na shirika lisilotafuta faida, na hata WhatsApp yenyewe tangu 2016 hutumia kanuni ya Signal kufunga siri za ujumbe. Watu wawili au watatu wa nyumba moja waweza kuanza nayo kwa mazungumzo yao ya ndani. Kundi la ukoo litangoja.

Wala tusiwadanganye watu kuwa kilicho huru hakina ila. Aprili 2014 ilifichuka kasoro kubwa katika OpenSSL, programu huru inayolinda siri za mtandao, nayo ilikuwa imekaa humo kama miaka miwili bila ya kuonekana. Maandishi yalikuwa wazi, lakini wasomaji wake walikuwa wachache mno. Wakfu usio na msimamizi hubomoka, hata kama nia ya aliyeuweka ilikuwa safi.

Kiswahili chetu

Hapo ndipo penye zamu yetu. Mwishoni mwa mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Hawakumwomba mtu ruhusa, maana maandishi asilia yalikuwa wazi. Baadaye Microsoft nayo ikatoa Kiswahili chake. Na hapa kwetu Kenya, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, mwaka 2008 vijana walitengeneza Ushahidi, programu huru ya kukusanya habari za matukio kwenye ramani, ambayo mwaka 2010 ilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, nayo imejengwa juu ya programu huru na kwa mikono ya waliojitolea.

Kazi ya kufasiri haimaliziki, kwani kila toleo jipya huja na maneno mapya. Nani mwenye haki zaidi ya kuamua programu itasema neno gani, kama si watu waliokulia ndani ya lugha hii? Mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, ambaye hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu, anaweza kukaa na mjukuu wake jioni na kusahihisha tafsiri ishirini. Hiyo ni elimu inayonufaisha, na thawabu ya elimu inayonufaisha wanazuoni wetu wametufundisha kuwa haikatiki kwa mauti.

La kuanzia ni dogo. Kabla ya Ramadhani ijayo, kila msikiti una vijana wanaoijua simu kuliko wazee wao. Wapewe kazi: watie programu huru moja ya nyakati za sala, walinganishe Alfajiri na Magharibi yake na ratiba ya imamu kwa wiki mbili, dakika kwa dakika, na watakapotofautiana waulize ni kwa nyuzi ngapi. Wakiridhika, wawaonyeshe maamuma baada ya Ijumaa namna ya kuitia. Hapana ada, na hapana anayeandika daftarini nani alikuja kuswali.